CD za Braza Kwenye Alizeti

Nianze na ujinga wangu, maana nisipousema mimi kuna jirani atausema vizuri zaidi. Mwezi wa nne, alizeti ya mama ilipoanza kukaza mbegu, nilichukua CD zote za muvi za kaka yangu, zile ambazo nimekua nikiziangalia naye, nikapitisha uzi kwenye tundu la katikati la kila moja, nikazitundika kwenye fito shambani zitishe ndege.

Najitetea kidogo. Tunakaa Singe, nyumba juu, shamba chini yake, na mama alinipa kazi ya kuamia ndege kila asubuhi kabla ya shule na kila jioni nikirudi. Kuamia ndege maana yake unasimama katikati ya alizeti, unapiga debe, unapiga kelele, unarusha mawe kwa manati, na ndege wanahamia mstari wa pili wanaendelea kula huku wanakuangalia. Nilikuwa nafika darasani sauti imekwisha, mwalimu akiniuliza swali naonekana mjinga mara mbili. Nikafikiri. CD ikizunguka juani inamulika mpaka mbali, na ukifunga mbili pamoja zinagongana. Braza alikuwa machimboni mwaka wa sita. Deki ya kuzichezea ilifunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa mama aliweka maua ya plastiki. Muvi sasa hivi zinakaa kwenye simu. Nani angeziulizia?

Mwezi wa tano braza akarudi nyumbani kufa.

Hakuna aliyesema hivyo. Mama alisema amekuja kupumzika. Hospitali walimwambia mapafu yamejaa vumbi la mawe, na kwamba likishaingia halitoki. Wakampa dawa ya kutuliza kikohozi, wakamshauri akaishi mahali pasipo na vumbi. Wangemwonyesha na mahali penyewe kwenye ramani.

Bajaji ilimshusha mlangoni. Nilitoka mbio nikiwa nimeshatunga utani wa kumpokea, nikaumeza. Shati lilikuwa lile lile aliloondoka nalo, ila sasa ningeweza kuingia na mimi humo humo ndani na tukafunga vifungo.

"Dogo," akasema. Akavuta pumzi. "Mbona umekua hivi? Nani kakuruhusu?"

Kutoka mlangoni mpaka kitandani alipumzika mara mbili. Mama alitembea nyuma yake akiwa amenyoosha mikono bila kumgusa, kama mtu anayemfuata mtoto anayejifunza kusimama.

Siku ya tatu akaulizia zile CD.

Lazima nieleze zilikuwa nini. Baba alifariki nikiwa chekechea. Braza, aliyekuwa sekondari, alikuwa akibeba mizigo ya watu sokoni kila Jumamosi, na akirudi alikuwa na unga wa mama mkono mmoja na CD moja iliyofungwa gazeti mkono mwingine. Wachina wa kupigana, Wahindi wa kulia, makomandoo wa kutembea msituni wiki nzima bila kula. Zile zilizotafsiriwa, ambazo kuna mtu anapayuka kwa Kiswahili juu ya sauti za wenyewe, hakuzitaka. Alisema kazi hiyo anaiweza mwenyewe. Kichina alikuwa hajui hata salamu. Alizima sauti, akakaa kwenye kigoda pembeni ya TV, akaanza kuwasemea. Mkuu wa majambazi aliongea kama mwenyekiti wetu wa mtaa anapoahirisha mkutano. Binti wa Kihindi alilia kwa sauti ya mama mmoja wa sokoni aliyeambiwa samaki wake ni wa jana. Mama alikuwa pale anachambua maharage, na siku hizo tulikula mawe mengi, maana alikuwa anacheka badala ya kuangalia ungo.

Utani wote nilionao, huu ambao umenipatia viboko shule nzima ikitazama, niliuokota pale chini ya kile kigoda.

"Lete ile ya mpishi," braza akasema. "Nataka pale anapopanda ngazi."

Mpishi ni mzee mmoja mnene ambaye mwalimu wake amefungiwa kwenye nyumba iliyo juu ya kilima. Ngazi za kwenda juu ni mia, na kila ngazi kumi kuna mlinzi. Anazipanda zote akipigana kwa mwiko. Tuliiangalia mpaka nikawa naota ngazi. Muvi hiyo ilikuwa CD mbili, na ngazi zilikuwa kwenye ya pili.

Nilimwambia ngoja niitafute, iko kabatini. Nikashuka shambani na kisu.

Nazisema zilivyokuwa. Jua lilikuwa limezipausha. Majani ya alizeti yanakwaruza, na upepo ulikuwa umezisugua humo mwezi mzima. Nyingi zilikuwa na kinyesi cha ndege, wale wale waliotakiwa kuziogopa. Nilikata kumi tu, za mpishi zikiwemo, nikazipangusa kwa fulana, kisha nikazisugua na dawa ya meno, nikazioshea nyuma ya nyumba kama mtu anayeficha ushahidi. Kumbe ndivyo.

CD ya kwanza ilikubali, kwa shida. Mpishi alikata vitunguu, picha ikaganda, ikawa vijiboksi vya rangi, akarudi akiwa mahali pengine na nguo nyingine. Braza alijaribu kumsemea, ila kila mpishi alipofungua mdomo, braza alikuwa bado anatafuta pumzi ya sentensi iliyopita. Tukaweka ya pili. Deki ilifikiri. Ikafikiri tena. Ikaandika kwamba humo ndani hakuna CD.

"Itoe uipulize," braza akasema.

Nilipuliza. Nilipuliza mpaka nikaona nyota. Yeye aliniangalia tu, na nikakumbuka kwamba kupuliza ndicho kitu ambacho yeye hawezi tena, nikaacha.

Kesho yake baada ya shule nilikwenda mjini kwa jamaa anayewajazia watu muvi kwenye flashi. Nikamweleza: Mchina, mpishi, mnene, ngazi.

"Inaitwaje?"

"Sijui. Karatasi yake ilikuwa ya Kichina, na ilipotea."

"Ya mwaka gani?"

"Sijui."

"Dogo, wewe unatafuta muvi au unatafuta ndugu aliyepotea?" Akanionyesha mpya kibao. Ya mpishi hakuna.

Nilirudi na flashi tupu. Braza alikuwa amelala ubavu, anaangalia ukuta. Saa kumi hivi jua linakaa upande wa shamba, na ukutani kwake kulikuwa na vidoa vya mwanga vinachezacheza, vinapanda, vinashuka.

"Tangu nimekuja naviangalia," akasema. "Ni nini kile kinachomulika?"

Ningeweza kusema ni bati la jirani. Nilishalisema mara moja, kwa mama, mwezi wa nne, na mama alinitazama kwa namna ya mtu aliyekwisha kufika shambani. Safari hii nilishindwa.

"Ni muvi zako."

"Zinafanya nini huko?"

"Zinaamia ndege."

Akauliza, taratibu, kama hakimu: "Na wanakimbia?"

"Siku mbili za kwanza walikimbia. Ya tatu wakazoea."

"Kwa hiyo," akasema, "ndege wa Singe wameziangalia zote. Mimi ndiye nimebaki."

Akacheka. Na kicheko kilipofika kifuani kikageuka kikohozi, na kikohozi kikamkunja, magoti yakafika kidevuni, midomo ikawa na rangi ya wino. Mama aliingia na beseni. Nilisimama pembeni nimeshika flashi. Mpaka siku hiyo nilidhani kumchekesha mtu ni kumpa kitu.

Basi nikaacha utani. Siku nne niliingia chumbani kwake kama mtoza ushuru, salamu, unaendeleaje, kazi njema. Jumapili mchana akanizuia.

"Wewe unaikumbuka ile ya mpishi?"

"Yote."

"Basi nisimulie ngazi. Zamani Wachina walileta picha, mimi nikaleta sauti. Sasa lete picha."

Nilikivuta kigoda nikakaa pembeni ya TV iliyozimwa. Nikasimulia kavu, kwa makusudi. Mpishi amefika chini ya kilima. Mpishi ana mwiko. Mpishi amepanda ngazi ya kwanza. Mpishi amepanda ngazi ya pili.

"Dogo," akasema, "unasoma matangazo ya vifo?"

"Sitaki ucheke."

"Mimi ndiye mwenye kifua. Simulia vizuri."

Nikatazama mlangoni, mama hakuwepo. Nikasimulia vizuri. Mlinzi wa ngazi ya kumi nikampa sauti ya mwenyekiti wa mtaa. Akamuuliza mpishi kama amekuja na barua ya utambulisho. Mpishi akasema hana. Mlinzi akasema basi arudi Jumatatu, maana mwenye muhuri amesafiri. Wa ngazi ya ishirini alimwambia mpishi avue viatu, sakafu imepigwa deki. Braza alicheka kwa pua tu, akijizuia, mkono umekandamiza kifua, na macho yake yalikuwa yale ya zamani kabisa. Nikaona raha. Nikasahau. Kwenye ngazi ya thelathini na mbili nikamwangusha mpishi, akabingirika ngazi tatu, mwiko ukatangulia, na akiwa pale chini akaanza kumlaumu aliyejenga ngazi, kwa sauti ya braza mwenyewe.

Hapo alikohoa kuliko siku zote. Mama alikuja mbio mikono ina unga. Hakunifokea. Alisema tu, "Mwache," na nilikuwa natoka wakati braza aliponyoosha kidole. Ilimchukua muda kupata maneno.

"Thelathini na mbili. Usisahau. Kesho tunaanzia hapo."

Kesho yake tulikuwa na mtihani wa fizikia. Niliporudi, kutokea barabarani niliona turubai uwanjani kwetu na viti vya plastiki vinapangwa. Mtu akiona turubai kwao haulizi. Nilikaa chini pale pale, na begi mgongoni, na kichwani mwangu mlikuwa na namba moja tu.

Wajomba walisema ni vumbi. Mchungaji akasema ni mapenzi ya Mungu. Najua ni vumbi. Lakini vumbi lilikuwa naye miaka sita na lilimwacha atembee mpaka nyumbani. Mimi nilikuwa naye Jumapili moja mchana.

Kitu kingine. Mama huku anaitwa kwa jina la braza, yeye ndiye mtoto wa kwanza. Mimi nimekaa miaka kumi na sita nyumba hii bila mtu kumwita mama kwa jina langu. Kwa hiyo kila aliyekuja kumpa pole alianza kwa kumtaja marehemu. Mama fulani, pole. Mama fulani, jikaze. Siku nzima, mara mia na zaidi, na kila mara yeye aliitika "abee". Nilitaka mtu mmoja akosee.

Siku ya pili baada ya mazishi kina mama walikuwa wamekaa kwenye mkeka chumbani kwake, kitanda kimetolewa. Saa kumi jua likafika upande wa shamba. Vile vidoa vikatokea ukutani, vikaanza kucheza juu ya vichwa vya waombolezaji, juu ya kichwa cha mama, vinapanda, vinashuka. Shangazi mmoja akauliza ni nini kile.

Nilichukua kisu nikashuka. Vichwa vya alizeti vilikuwa vizito, vimeinama vyote upande mmoja, na ndege walikuwa wamejaa. Wiki hiyo hapakuwa na wa kuwafukuza. Nilikata uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu. CD ya pili ya mpishi ilikuwa mfukoni mwangu. Sijui nilitaka kuzifanya nini. Labda kuzizika, labda kuzivunja. Nilikuwa nimeshika uzi wa nne niliposikia majani yanapasuka nyuma yangu. Mfiwa hatakiwi kutoka kwenye mkeka, lakini mama alikuwa ametoka, peku, khanga kichwani. Alitazama zile tatu zilizokuwa chini. Akaokota moja, akaipangusa kwa khanga pande zote mbili kama sahani, akaanza kufunga uzi wake kwenye ufito. Fundo likamshinda mara mbili, la tatu likakubali. Ndipo akasema:

"Ziache. Ndege hawajui kama tuna msiba."