Faili la Mke Wangu

Kitu cha kwanza cha betri nilichonunua kwa mshahara wangu kilikuwa redio ya kaseti, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, mwaka ule ule niliooa. Mke wangu alitoka kijiji cha Marodoka, kule kisiwani Nosy Be, Madagaska. Alikuwa hajaizoea Mahajanga, mji wangu wa bandari, wala mimi hajanizoea. Tulikuwa tunabonyeza kitufe chekundu, tunajirekodi tukizungumza upuuzi, kisha tunajisikiliza. Alijifunika uso kwa mtandio akasema, "Huyu si mimi, huyu ni mama yangu!" Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Tangu hapo nikawa mtu wa vifaa. Nilikuwa mwalimu wa hesabu, na kila kilichokuwa na vitufe kilinivuta: kikokotoo cha kutumia jua, saa ya mkononi yenye taa, simu iliyohifadhi namba kumi. Mke wangu alivipangusa vumbi na hakulalamika.

Nyumbani tulizungumza Kimalagasi, na Kingazija kidogo kwa wazee. Kiswahili hiki nilikisoma Zanzibar nilipokuwa kijana. Nakitumia hapa kwa sababu nyumbani kwangu hakuna anayekisoma, na jambo hili sijapata ujasiri wa kuliandika kwa lugha wanayoisoma.

Tulizaa watoto wawili, mvulana kisha msichana. Msichana alifariki akiwa na miaka sita, kwa homa ya siku nne, katikati ya mvua. Baada ya arubaini yake mke wangu alikunja nguo za mtoto, akazipeleka kwa dada yake, na hakulitaja tena jina lake mbele yangu. Nilidhani ndivyo anavyotaka. Nami nikanyamaza.

Kompyuta iliingia miaka kadhaa baadaye. Ofisi moja ya meli ilikuwa inafunga, inauza samani zake, nami nikaipata pamoja na meza yake. Niliileta nyumbani kwa mkokoteni wa kuvutwa na mtu, nikitembea pembeni, mkono juu ya kioo kama namsindikiza mgonjwa. Majirani walikuja kuangalia. Mzee wa nyumba ya pili aliomba niandike jina la mjukuu wake kwa herufi kubwa, nikamchapia, akaondoka na karatasi ameishika kwa mikono miwili.

Ilinipa raha na ikanisumbua kwa kipimo kile kile. Mitihani yangu ilitoka safi, bila wino kunichafua vidole. Lakini umeme ulikatika bila taarifa na kazi ya asubuhi nzima ikapotea. Chumvi ya bahari ilikula skrubu. Sisimizi walitaga mayai ndani ya kibodi, na herufi A ikawa haifanyi kazi mpaka uipige kwa kidole gumba. Mchana wa joto mashine ilizimika yenyewe, nikaipepea kwa kipepeo cha ukili kama mtu anayepepea jiko.

Siku moja mke wangu alisimama nyuma ya kiti changu.

"Nifundishe."

"Nikufundishe nini?"

"Kuandika. Na kuweka nilichoandika kisipotee."

Nilimfundisha mambo matatu: kuiwasha, kufungua faili, kuhifadhi. Sikuwa na subira. Alipobonyeza pasipopaswa nilimnyang'anya kipanya. Hata hivyo alishika. Akawa anaandika asubuhi, nikiwa shuleni, kwa kidole kimoja. Nikirudi mapema nilisikia vitufe kutoka mlangoni, taratibu, kama mtu anayechambua mchele. Akiniona anahifadhi na kuzima.

"Unaandika nini?" niliwahi kumuuliza.

"Mambo yangu."

Faili lenyewe alilipa jina la herufi moja tu. Sikulifungua. Ningependa kusema ni kwa heshima. Ukweli ni kwamba nilidhani ni mapishi.

Miaka miwili ikapita hivyo. Mashine ikawa nzito, inachukua muda wa kunywa chai kabla ya kuwaka. Mwalimu mwenzangu aliporudi kutoka Reunion aliniletea programu mpya, akaniambia nisafishe diski yote nianze upya, itakwenda kama mpya. Jumamosi iliyofuata mke wangu alikwenda Belobaka kwenye maziko ya shangazi yake. Sikutaka kungoja. Nilikuwa na disketi nne za kuhifadhia vitu kabla ya kufuta. Mbili nikajaza mitihani, ya tatu masomo. Ya nne niliweka mchezo wa karata. Faili lake nililiona kwenye orodha. Nakumbuka kuliona. Nilisema moyoni, hili ataliandika tena, nikabonyeza.

Aliporudi nilimwonyesha jinsi mashine inavyowaka haraka. Alikuwa amechoka, akasema vizuri, akaenda kuoga.

Asubuhi yake ilikuwa Jumapili, nami niko nyumbani. Aliniita kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Baba watoto, silioni faili langu."

"Nimesafisha mashine. Si nilikuambia jana?"

"Langu umeliweka wapi?"

Nilimweleza kuhusu disketi, kwamba zilikuwa nne tu. Akazichukua, akasoma vibandiko kimoja kimoja. Kile cha nne akakisoma mara mbili. Kisha akazipanga mezani, akakaa ameweka mikono mapajani.

"Lilikuwa na nini?" niliuliza. "Nitakusaidia kuandika tena."

"Nilikuwa namwandikia mwanangu."

Nikadhani mvulana wetu, ambaye alikuwa chumba cha pili amelala. Kabla sijafungua mdomo akalitaja jina la binti yetu.

Sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu msiba. Nilinyoosha mkono nimshike bega. Yeye aliinuka akaenda jikoni, nikasikia anaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Jumatatu sikwenda kazini. Niling'oa mashine, nikaipeleka Amborovy kwa fundi aliyekuwa akitengeneza kompyuta za hoteli. Alinisikiliza, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, ungekuwa umefuta tu, ningekurudishia. Lakini umeweka kitu kipya juu yake."

"Jaribu."

"Nitajaribu. Usiwaahidi watu wako."

Nilikwenda kila alasiri kwa wiki tatu. Mwishoni alinikabidhi karatasi mbili. Nyingi zilikuwa alama zisizosomeka, vijisanduku na mistari, na katikati yake sentensi zilizokatika. Nilijiambia sitasoma. Nilisoma njiani, nimesimama kwenye jua, mstari mmoja uliokuwa mzima: Leo nimemnunulia kaka yako viatu, namba arobaini na moja. Wewe sijui ungevaa namba ngapi.

Nilizikunja, nikampa jikoni. Alikaa juu ya kibao cha mbuzi, akazisoma muda mrefu.

"Umesoma?"

"Mstari mmoja."

"Kwa nini mmoja?"

"Sikuweza kuendelea."

Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka tumekutana wapi. "Nilidhani wewe umemsahau," alisema. "Hukumtaja hata mara moja."

Nilimwambia nilikuwa nangoja yeye aanze. Naye akasema alikuwa ananingoja mimi. Tulilia pale jikoni, wali ukaungua, na mvulana wetu akaja mlangoni akasimama, akarudi bila kuuliza.

Hakukaa tena mbele ya kompyuta. Nilimnunulia daftari zuri la jalada gumu. Likabaki tupu, baadaye akaandika humo namba za simu za jamaa. Mashine niliiuza. Nyingine zilifuata, nyepesi na za haraka, na sasa nina simu inayohifadhi maelfu ya maneno bila mimi kufanya lolote. Kila inaponiuliza kama nina hakika nataka kufuta, nasita, hata kama ni picha ya ukuta.

Nilipostaafu tulihamia kwao Marodoka. Huko siku moja, anachambua mbaazi, nilimwomba anisimulie alichokuwa ameandika. Sikutegemea atakubali. Alikubali, kidogo kidogo, kwa wiki nyingi. Alinisimulia jinsi alivyompa mtoto habari za paka aliyezaa kabatini, za bibi yake aliyeanza kuchanganya majina, za siku mimi nilipoanguka kwenye ngazi za shule. Nilimsikiliza bila kumkatiza.

Hata sasa hunisimulia, ila kuna siku anasimama katikati, mbaazi mkononi, anatazama chini.

"Hapa nilikuwa nimemwambia kitu," anasema. "Kitu kizuri. Sikikumbuki."

Tunangoja tuone kama kitarudi. Mara nyingi hakirudi, naye anaendelea na habari nyingine.