Mama Alishaagwa

Kabla sijamlaumu fundi aliyetengeneza gari langu nimefungua tena daftari langu la mwaka ule. Shule niliishia darasa la saba, lakini kila siku huandika mistari miwili mitatu, nisije nikasingizia mtu. Nimekuta nimeandika kwamba fundi alisema, "Ijumaa, upepo ukitulia." Mimi nikaenda kumwambia mama kwamba nitamchukua Jumamosi. Habari ya upepo sikumwambia.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu kuukuu, moja ya yale ya mitumba yaliyoanza kuonekana kwetu Hanang baada ya biashara kufunguliwa. Nilibebea mahindi na mbaazi kutoka Masakta kwenda Katesh. Siku moja kwenye utelezi likaniponyoka, likalala ubavu korongoni. Sikuumia, ila paa lilibonyea na mlango wa kushoto ukakunjika kama karatasi.

Mama alikuwa Nambis, upande wa Mbulu, peke yake tangu baba afariki. Nyonga ilikuwa imechakaa, kuchota maji kwake ni kazi ya nusu siku. Tulikubaliana aje akae kwangu kabla ya masika, maana masika yakishika, njia ya kwake ni tope tupu na gari halipandi. Ndiyo maana fundi aliponitajia Ijumaa nilifurahi kupita kiasi, nikapanda basi siku hiyohiyo kumpelekea habari.

Kwetu mtu mzima hahami kimyakimya. Kanisani walimwombea mbele ya watu wote, akapewa barua ya kuhama usharika. Majirani walikuja kula naye, kila mmoja akasema neno lake. Ng'ombe wake mmoja alimkabidhi mama jirani amtunze na anywe maziwa, kama tunavyofanyiana. Shamba akampa mtu alime. Naye akawaambia wote kwamba anachukuliwa na gari la mwanawe. Jumamosi akakaa juu ya mzigo wake tangu asubuhi.

Gereji ilikuwa pembeni mwa Katesh, uwanja uliozungushiwa mabati. Kwenye kibao chake maneno "Mkoa wa Arusha" yalikuwa yamekwanguliwa, kwa sababu tulikuwa tumetengwa karibuni kuwa Mkoa wa Manyara, na mahali pake rangi mpya ilisomeka "Mkoa wa Many", ikaishia hapo. Kilikuwa hivyo siku ya kwanza niliyofika, na hivyohivyo siku ya mwisho. Labda ningeelewa mapema. Lakini si haki kumhukumu mtu kwa kibao.

Fundi alikuwa umri wa baba yangu, na hapo ndipo nilipofungwa. Njia nzima nilipanga maneno makali. Nikifika, lazima shikamoo kwanza. Anaitikia marahaba, ananiuliza hali ya mama, watoto, mifugo, mvua za Masakta. Namjibu mama hajambo, watoto hawajambo. Salamu zikiisha na hasira imeisha, nabaki kuulizia gari langu kama mtu anayeomba chumvi.

Sababu alikuwa nazo, na zote nilizihakiki. Katesh upepo hushuka mlimani na vumbi lake. Rangi ikipigwa siku hiyo inakauka na mchanga ndani. Upepo ulipotulia, mtungi wa gesi wa kuchomelea ukaisha, ukapelekwa Arusha kujazwa. Uliporudi, nyumba ya pili kukawa na msiba, na fundi akasema hawezi kugonga bodi wakati watu wanalia. Mimi mwenyewe nisingependa agonge. Nilikwenda nikakaa msibani na wengine, mgongo nikaupa ukuta, nikiliona pikapu langu kupitia tundu la bati.

Kuliondoa sikuweza. Walikuwa wamelivua milango, kioo cha mbele na viti, na viti vilikuwa stoo chini ya vitu vya watu wengine. Tulikuwa wengi pale. Mfugaji mmoja wa kule bondeni, mwenye fimbo na shuka, alikuwa akisubiri landrova yake tangu kabla yangu. Siku moja alinitazama nikizunguka zunguka, akasema, "Keti, ndugu. Ng'ombe wangu akiugua, ama anapona ama tunamla. Hili gari halitaki hata kimoja." Watu wakacheka, fundi naye akacheka. Nikaketi.

Wiki ya tatu nilipanda basi kwenda Nambis. Nilifika mchana, nikashangaa mlango wa mama umefungwa. Nilipopiga hodi hakuitika mpaka nilipotaja jina langu.

Alikuwa ndani, amekonda. Kanisani hakwenda tena. Angekwenda vipi na barua ya kuhama mkononi? Maji alichota saa ya jua kali, wakati kisimani hakuna mtu. Majirani walijua yupo, moshi haufichiki. Lakini kwa kumheshimu walijifanya ameshaondoka. Walipita mbele ya nyumba bila salamu, sisi ambao mtoto asiposalimia anachapwa. Yule mama jirani alileta maziwa kwenye kibuyu kila asubuhi, akayaweka kizingitini na kwenda zake bila hodi. Mama aliniambia kibuyu hukikuta bado cha moto.

Nilimwambia nitatafuta gari la kukodi. Alikataa, akisema alishawatajia watu gari la mwanawe. Basi hakulitaka kabisa, na kwa nyonga ile asingefika kituoni. Sikumbishia. Labda ningembishia. Nami nilikuwa na kiburi changu, nilitaka watu walione pikapu langu.

Kesho yake nikaenda moja kwa moja gereji. Shikamoo. Marahaba. Mama hajambo?

Sijui nilipata wapi ujasiri wa kusema. "Mama si mzima, mzee. Alishaagwa, na bado yumo ndani."

Nikamweleza yote, yule mfugaji akisikia. Fundi aliweka msasa wake chini.

"Kila ukija nakuuliza hali ya mama," alisema. "Unanijibu hajambo."

Ni kweli. Nimetafuta daftarini kama kuna siku niliwahi kumwambia gari ni la kazi gani. Hakuna. Nilidhani salamu ni salamu tu, kumbe yeye alikuwa anauliza.

Mfugaji alisema landrova yake isubiri. Fundi aliacha kazi nyingine zote, akanyoosha paa na mlango kwa siku mbili bila kuinuka isipokuwa kula. Siku ya tatu manyunyu yakaanza. Akasema rangi haitashika kwenye unyevu, nimpe wiki moja akamilishe. Nikamwambia hapana, nashukuru mzee. Nililitoa na mlango wa kushoto ukiwa wa kijivu, rangi ya chini tu, nayo haijakauka, na kitasa chake cha kamba.

Nilifika Nambis magurudumu yakianza kuteleza. Mama alikuwa juu ya mzigo wake, kama vile Jumamosi ile haijaisha. Nilimbeba, nikamweka kitini, nikafunga mlango kwa kamba.

Watu walikuwa mashambani pande zote mbili za njia, wakiharakisha kupanda. Hakuna aliyeinua kichwa. Yule mama jirani alikuwa amesimama karibu kabisa na njia, akichunga ng'ombe wa mama. Alitugeuzia mgongo, akawa anamkuna ng'ombe shingoni, anamkuna tu.

Nikapeleka mkono kwenye honi. Mama akaushika.

"Acha," alisema. "Wameshaniaga."

Niliendesha polepole, kwa ajili ya tope, na pia nikidhani huenda mmoja atageuka. Nilipomtazama mama, alikuwa ameegemea ule mlango wa kijivu, na bega la kitenge chake limeshika rangi. Baadaye mke wangu alikifua mara nyingi, rangi haikutoka.