Jina la Kwenye Kipaza Sauti

Katika bendi ya shule yetu ya Igogo, maoni ya waamuzi yalikuwa ubatizo wa pili. Mashindano yakiisha, mwamuzi alishika kipaza sauti akasoma kasoro zetu mbele ya umati, na neno alilolisema juu yako ndilo lililokuwa jina lako mpaka unamaliza darasa la saba. Mpiga filimbi mmoja aliitwa Inaumiza Masikio. Kaka aliyebeba ngoma kubwa kabla yangu aliitwa Imekimbia, maana ngoma yake iliwatangulia wenzake. Siku moja nikamsikia mama yake mzazi akimwita hivyo sokoni, bila hata kutabasamu. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli.

Mwalimu wa bendi alimnyang'anya Imekimbia ngoma akanipa mimi, kwa kuwa nilikuwa msichana mwenye mabega mapana. Kushindwa hakukunitisha, wapende vikombe wanaovipenda. Nilichoogopa ni jina.

Asubuhi ya mashindano uji ulinishinda. Imekimbia alinifunga mkanda wa ngoma, raba zangu zikiwa zimepakwa chaki mpaka kamba.

"Dada, wewe hesabu tu moyoni," aliniambia. "Yule mzee wa fimbo usimtazame kabisa. Mimi nilimtazama."

Mzee wa fimbo alikuwa mwamuzi wa tatu, mstaafu wa bendi ya polisi, suti ya Kaunda na fimbo kwapani. Wenzake walikaa kwenye viti kama watu. Yeye aliingia katikati ya mistari huku tunatembea.

Tulipofika usawa wa mawe makubwa walipokaa wananchi, alinijia. Akageuka, akawa anatembea kinyumenyume mbele yangu, uso kwa uso. Nilikazia macho kifungo cha koti lake. Mkojo ulinibana, lakini mikono ilipiga, na kila pigo likaangukia mahali pake. Akatoa penseli. Akaandika kitu kifupi sana, akanipisha, akaenda zake. Ningefarijika angeandika kirefu. Kifupi kinafaa kuwa jina.

Tukapangwa juani kusubiri. Nikaisukuma ngoma mbele, nikajificha nyuma yake.

"Ndugu wananchi," mzee alianza. Akasoma filimbi, akasoma ngoma ndogo. Kisha: "Ngoma kubwa. Mapigo ni sahihi, mwanzo hadi mwisho."

Wenzangu wakapiga kelele za furaha. Nikapumua. Nilimpenda yule mzee, nusura nilie.

"Lakini anaogopa."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Tulishinda, nasikia. Kikombe sikukiona, nilikuwa natazama raba zangu. Kabla hatujafika Igogo, watoto wa njiani walikuwa wameshanipokea kwa jina langu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mama wa watoto wawili, nilipanda kivuko kwenda Busisi. Ziwa lilikuwa limechafuka, mawimbi yanarusha maji hadi miguuni. Nyuma yangu mtu akapaza sauti: "Anaogopa!"

Abiria wakageuka kumtafuta mwoga ni nani. Alikuwa Imekimbia, amenenepa, mvi zimemjaa, anacheka na kunipungia mkono. Nilitaka kujifanya simjui. Wanangu walikuwa wananitazama. Kivuko kikainama, nikashika chuma kwa mikono miwili.

"Abee," nikaitika.