Fundi wa Gasorwe na Mashua Iliyojificha Mlimani

Ukungu wa Gitega haujainuka bado, na Venansi tayari amelala chali chini ya mashua. Anagonga ubao kwa kifundo cha kidole, anatega sikio, anasogea kidogo, anagonga tena. Ubao mmoja unapojibu kwa sauti nzito, anatabasamu peke yake.

"Huu mzima," anasema. "Huu utatuzika sisi sote."

Mashua yenyewe ni ya mashindano, ya mbao tupu, ndefu kuliko pikapu na nyembamba kama iliyokondeshwa makusudi. Imekaa katika ua wa duka la vitambaa na saruji, katikati ya milima, mbali na ziwa lolote la maana. Wapita njia huchungulia langoni na kumwita Nuhu. Wanafunzi wa mtaa wa Mushasha wakitoka shule humwuliza mvua itaanza lini.

"Nawajibu kwamba wanyama wameshajaa," anasema. "Imebaki nafasi ya mbuzi mmoja."

Venansi, mwenye umri wa miaka 41, ni mzaliwa wa Gasorwe, mkoani Muyinga. Aliondoka Burundi katika machafuko ya 1972 akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia Tanzania, na ujana wake akautumia Kigoma akijifunza kuunda mashua. Amani iliporudi naye alirudi, na ufundi ambao pale Gasorwe hakuna aliyeuhitaji. Akageukia vitanda, milango na muvure, yale magogo yanayochongwa mfano wa mtumbwi kwa ajili ya kukamulia ndizi za pombe.

Mkewe, Efrazia, anayelima maharagwe nyumbani, anasema ameshakoma kuwaeleza majirani.

"Wananiuliza mume wangu anatengeneza nini huko Gitega. Nikisema mashua, wananipa pole."

Mashua ilikuwa mali ya marehemu Rehmtulla, mfanyabiashara wa vitambaa. Aliinunua kwa Mbelgiji mmoja aliyekuwa akifunga virago karibu na uhuru, akaiita kwa jina la binti yake, Sikinabai. Siku za mashindano baba na binti waliteremka hadi Ziwa Tanganyika, baba akishika usukani, binti akishika kamba za tanga.

"Tulishinda mara chache, tukapinduka mara nyingi," anasema Sikinabai, ambaye sasa ni bibi wa miaka 64 mwenye miwani mizito na sauti ya kuamrisha. "Baba alikuwa anacheka ndani ya maji. Dukani hakuwa anacheka hata siku moja."

Vita vilipoanza mwaka 1993, familia ilikimbilia Dar es Salaam. Mlinzi wao, Longino, aliogopa mashua ingepasuliwa kuni. Akaipakia kwenye lori, akaifunika majani ya migomba na kuipeleka kwao Mutaho. Huko ilikaa hadi wenyewe waliporudi na kuirejesha Gitega. Siku Sikinabai alipoliona jina lake bado linasomeka nyuma ya mashua, alilia mbele za watu wote, jambo ambalo mwanawe Salman anasema hakuwahi kuliona.

Lakini Salman ndiye anayeendesha duka, na ua ni mdogo. Alimpa mama yake muda hadi kiangazi kiishe. Kama mashua ikijazwa maji itavuja, itakatwa iwe rafu za dukani.

"Si kwamba mimi ni mbaya," anajitetea. "Saruji ikinyeshewa, tunakula nini?"

Ndipo Venansi alipoitwa. Na hapo hapo, kwa maneno yake mwenyewe, alianza kwa kukosea. Kigoma walimfundisha kwamba mashua huoza kuanzia chini. Akaja na mtalimbo, akang'oa ubao wa chini bila hata kuugonga. Ukatoka mgumu, mweusi, mzima kabisa. Zilizochoka zilikuwa za juu, zilizokauka hadi kuachana.

"Nikaunusa ule ubao," anasimulia. "Jamani! Nikajua nimekutana na nini. Nikaurudisha mahali pake, nikanyamaza."

Alinyamaza mpaka siku ya majaribio. Alikuwa amebadilisha mbao zilizokufa na kuziba nafasi kwa kalafati, yaani pamba iliyoshindiliwa kwa patasi butu. Wapagazi wa duka wakaanza kumwaga maji ndani ya mashua, ndoo baada ya ndoo. Sehemu ya chini haikutoa hata tone. Maji yalipofika juu, yakatiririka pande zote kama chujio.

Kisha ikapanda harufu. Mpagazi mmoja akaweka ndoo chini, akaangua kicheko. Wa pili akafuata.

"Nini kinanuka?" Sikinabai akauliza. "Fundi, umeweka nini humo?"

Venansi akamtazama Longino. Mzee akavua kofia.

"Mama Salman, unisamehe. Hii bato kule Mutaho, batu balikuwa banasema ni muvure. Mi nilikataa, nilikataa, bon, mwisho nikakubali. Harusi zote za colline yetu, ndizi zilikamuliwa mule ndani. Na batu benye balikuwa banarudi toka Tanzania, njo mule tuliwatengenezea urwarwa."

Hakuna aliyecheka tena. Mashua ya Rehmtulla, Mwislamu safi aliyekuwa hapiti hata kando ya baa, ilikuwa chombo cha kutengenezea urwarwa, pombe ya ndizi, kwa mlima mzima. Venansi akajaribu kusaidia. Akaeleza kwamba ndiyo maana mbao za chini ni nzima: hazikupata nafasi ya kukauka. Bila wale wanywaji, alisema, leo angekuwa anatengeneza rafu.

Sikinabai akaingia dukani. Salman akatazama maji yaliyotapakaa uani, akasema taratibu kwamba basi, yameisha. Venansi anakiri kwamba alianza kukusanya patasi zake.

Sikinabai akarudi amejifunga mtandio kiunoni, brashi mkononi na sabuni ya kipande.

"Ioshwe," akasema. "Juu, chini, ndani, nje. Na itaoshwa kila siku mpaka pua yangu iridhike."

Pua yake haikuridhika haraka. Asubuhi na jioni mashua ilimwagiwa maji, ikasuguliwa, ikafunikwa magunia mabichi ili uchafu ulainike. Yeye mwenyewe alisugua lile jina. Na mbao za juu, zilizokuwa zimenyimwa maji miaka yote hiyo, zikanywa na kuvimba. Walipoijaza tena, Salman alizunguka mara mbili akipapasa kwa kiganja, akitafuta unyevu. Hakuupata. Jioni ile aliagiza saruji ishushwe kwa jirani.

"Nilikuwa najua mbao zinahitaji maji," anasema Venansi, "lakini mimi ningeloweka siku chache tu. Mama alikuwa na hasira ya kutosha."

Watu wa Mutaho nao hawajakaa kimya. Wametuma ujumbe kuuliza muvure wao utarudi lini, maana kuna harusi. Venansi amewachongea mwingine kule Gasorwe, na kwa utani ameuchonga ncha ya mbele kama mashua. Sikinabai ndiye aliyetoa gogo. Amesema tu lisipite mbele ya duka lake.

Sasa linasubiriwa lori la kuteremsha mashua ziwani. Venansi anapanga kuomba kipande cha ufuo na kufungua karakana, awafundishe vijana waliorudi kama yeye. Kuna jambo moja tu linalomtia aibu: kuunda anajua, kuendesha kwa tanga hajui. Kigoma alizoea injini.

Tulipomwuliza nani atakayeiongoza siku hiyo, alielekeza kidole dukani. Sikinabai alikuwa amesimama nyuma ya meza, anampimia mteja kitambaa.

"Safari hii usukani ni wangu," alisema bila kuinua macho. "Fundi atashika kamba. Na ajue kuogelea."