Kichwa Kilikuwa Bado

Nakumbuka asubuhi moja huko Kicukiro, hapa hapa Kigali, mwanangu, na kusema kweli nimechoka kuikumbuka. Lakini mama yako, mdogo wangu, ameniambia ulianguka na pikipiki pale Sonatubes, ukapigiza kichwa, na sasa unataka kurudi kwenye kazi yako ya kuchomelea vyuma kesho. Basi kaa kidogo nikusimulie.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, mmoja wa wale wasaidizi wa mafundi wa ujenzi tunaowaita abayede. Nilikuwa nasimama juu ya jukwaa la miti nikivuta ndoo za zege kwa kamba. Siku moja mti ulichomoka ukanipiga kichwani, nikazimia. Muuguzi aliniambia ubongo umetikisika: nipumzike, nianze tena na kazi ndogondogo, na nisipande juu mpaka kizunguzungu kiishe. Nilimwitikia vizuri sana. Siku ya nne nikarudi.

Unajua mambo ya vibarua. Watu wanachaguliwa asubuhi getini, na asiyeonekana nafasi yake inakwenda. Fundi mkuu wetu, Mzee Karimu, aliniangalia usoni.

“Zaina, kichwa iko namna gani?”

“Nta kibazo, mzee.”

Hakuna shida! Ndilo jibu letu hapa Kigali, hata mtu akiwa anaungua.

“Kweli?”

“Kweli kabisa.”

Nilidanganya. Jua lilikuwa linanichoma macho, kelele za mashine ya zege zilikuwa zinaniingia kichwani kama msumari, na alfajiri ile nilikuwa nimetapika. Nikapanda hivyohivyo, na kiburi changu.

Kwenye ndoo ya tatu, dunia ilizunguka. Mikono iliachia kamba kabla sijajua. Chini alikuwa Esperance, rafiki yangu, aliyekuwa akinijazia ndoo. Nilisikia yowe lake tu. Ndoo ilimwangukia mguuni, ikamvunja kifundo.

Mzee Karimu hakunigombeza pale pale. Alingoja mpaka Esperance alipopelekwa hospitali, kisha akaja kukaa karibu nami juu ya mifuko ya saruji.

“Kazi ya kuchekecha mchanga iko, chini, kwa kivuli. Ungesema tu, ningekupa. Sasa niko na wagonjwa wawili.”

Nililia. Hakuninyamazisha, na nadhani alifanya vizuri.

Esperance alinisamehe zamani. Mimi bado. Mpaka leo, akipanda kilima cha Gisozi kwenda kwake, anasimama mara tatu kuupumzisha mguu. Nami nasimama, najifanya nimechoka. Siku hizi hata sijifanyi.

Sikwambii usirudi kazini, mwanangu. Kukaa ndani ukiangalia ukuta nako kunamaliza mtu, najua. Ila usirudi kesho. Ngoja daktari akuruhusu, na ukirudi, kabla hujagusa chombo chochote, mwambie bosi wako wazi kwamba kichwa bado. Omba saa chache, omba kazi ya chini isiyo na moto wala kelele. Ukisikia kizunguzungu, keti, wacheke wanavyotaka. Ukitapika au maumivu yakizidi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na usiseme nta kibazo kwa mazoea, kwa sababu anayekushikia chuma anaiamini ile kauli yako, naye ana mama yake anayemngoja nyumbani.

Imana ikurinde, mwanangu, Mungu akulinde. Akulinde wewe, na amlinde na huyo anayekushikia chuma.