Isale Nililofungia Mchicha

Jamani, akili yangu imekataa kabisa. Dafrosa tumemzika jana kihambani kwao, shamba la ukoo wao huko Kilema, udongo nimeutupa kwa mkono wangu huu huu, na leo nimeamka nikashika simu nimtumie voice note niliyopaswa kumtumia zamani.

Kwa msiomjua, ndiye huyo wa kushoto kwenye picha, mwenye uniform ya kijani na meno yote nje. Tumefanya kazi hoteli moja hapa Moshi miaka sita, mimi reception, yeye housekeeping. Presha imemchukua ndani ya siku mbili tu.

Mimi ni mtoto wa Majengo, mjini, baba Msambaa, mama Mnyaturu. Nilipoolewa Kilema, Dafrosa ndiye aliyenifundisha kupika mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, na ndiye aliyenishika mkono kunipeleka kwenye jumuiya yetu ya Jumamosi asubuhi.

"Mama Brayan, Ukristo wa Jumapili peke yake ni mtori usio na nyama." Ndivyo alivyokuwa ananiambia nikijifanya nimechoka.

Yeye alikuwa hakosi. Mvua za masika, tope mpaka magotini, utamwona anakuja na ndala mkononi huku anaimba. Na umuulize lolote, mtoto kafeli, ng'ombe kagoma kula, jibu lake ni moja: "Ruwa yupo mbele, sisi tufuate." Ruwa ni Mungu kwa Kichagga. Nisiwe mnafiki, wakati mwingine lile jibu lilinikera.

Mwaka jana ikatangazwa nafasi ya supervisor. Niliitaka ile nafasi kwa kufa na kupona. Nikamwambia Dafrosa, tukasali novena siku tisa, kwenye chumba cha mashuka kabla ya shift kuanza.

Siku ya kumi likatangazwa jina. Dafrosa.

Kumbe na yeye alikuwa ameitwa interview, na hakuniambia! Siku zote tisa kapiga magoti pembeni yangu, kimya.

Nikamfuata palepale koridoni, mbele ya wasichana wake wa usafi. "Kumbe huyo Mungu wako anaongoza kwako tu!"

"Mama Brayan, niliogopa kukuambia. Nisikilize kwanza..."

Sikumsikiliza. Nikaacha kumsalimia. Nikaacha na jumuiya, utadhani jumuiya ndiyo iliyofanya interview.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, nikakuta jani la isale limefungwa fundo kwenye kitasa cha mlango wangu. Masale mimi niliyajua kuwa ni yale yanayopandwa mpakani mwa vihamba, basi. Nikasema watoto wa jirani hao wanacheza. Nilikuwa na mchicha wa kumpelekea mpishi wetu kazini, na kamba sina. Nikalifungua lile fundo, nikafungia mchicha.

Nafika jikoni, Dafrosa yupo. Akautazama mchicha. Akalitazama jani. Akanitazama mimi, halafu akaokota ndoo yake akatoka. Mimi nikajisemea moyoni, na anune.

Jana baada ya maziko mama yake akaniita pembeni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu alikuletea isale. Hapa kwetu mtu akikuletea isale anaomba msamaha, na isale halikataliwi, hata kama mna ugomvi wa miaka. Wewe ulilifanya nini?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia ukweli, mpaka mchicha nikautaja.

Akavuta khanga yake begani. "Alirudi hapa analia. Nikamwambia, kamweleze, yule ni mtu wa mjini, labda hajui. Akakataa. Akasema, nikimweleza nitakuwa nimemlazimisha kunisamehe. Ruwa atamwonyesha."

Ameonyesha, mama. Ila amenionyesha nikiwa nimesimama kando ya kaburi, na nani wa kumrudishia jibu?

Hayajaisha. Katibu wa jumuiya akanikabidhi daftari la zamu, lile la nani atawapokea wanajumuiya nyumbani kwake. Dafrosa ndiye alikuwa analitunza. Nilijua jina langu lilishafutwa zamani.

Lipo. Na kila ilipofika zamu yangu, pembeni kuna mwandiko wake: "Mama Brayan amepata dharura, karibuni kwangu." Mara nne.

Dharura! Dharura yangu ilikuwa kiburi tu, na yeye akanifichia aibu, akawapikia chai watu niliopaswa kuwapikia mimi.

"Wote tulijua hakuna dharura," katibu akaniambia. "Ila alitukataza kulifuta jina lako. Alisema jina likifutwa, siku akirudi atajiona mgeni."

Nimelia kilio ambacho sikulia hata kwa wazazi wangu. Mimi nilimfuata Mungu mpaka kwenye tangazo la kazi, nikakata kona. Mwenzangu aliipata ile kazi, akapoteza rafiki, na bado kila Jumamosi alikuwa anakwenda na ndala mkononi. Naumia kwamba miezi yote ile nilipishana naye koridoni, na lilihitajika neno moja tu.

Ndugu zangu mnaosoma, kama kuna mtu umemnunia, nenda leo. Usingoje kufafanuliwa.

Asubuhi hii nimerudi kwao na jani la isale. Fundo nilikuwa nimelifunga hovyo, maana sijawahi kufundishwa. Mama yake akalichukua, akalifungua, akalifunga upya taratibu, tukaliweka kaburini pamoja.

"Mama, atalipokea kweli?"

"Si nilikuambia? Halikataliwi."

Dafrosa, dada yangu, nisamehe. Uliyekuwa unamfuata yupo mbele yako, nenda kapumzike.

Lala salama. Jumamosi hii ni zamu yangu, na sina dharura.