Filamu ya Mama wa Mfangano

Najua utaniuliza nilikuwa nimekunywa nini. Chai ya maziwa, basi, na ilikuwa saa tano asubuhi. Chang'aa sijaonja maishani. Haya yalinipata mimi mwenyewe, si hadithi ya kusikia sokoni.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Nilifanya kazi chumba cha eksirei katika hospitali moja ya Homa Bay, jina nitaliacha. Mara moja kwa mwezi daktari wa meno, Mhindi mpole, alitoka Kisumu. Yeye alipiga picha, mimi nilizisafisha gizani. Filamu ya meno ni ndogo, inaenea kiganjani, na imefungwa kwa karatasi isiyopitisha mwanga. Mgonjwa huiweka mdomoni na kuishikilia kwa kidole chake mwenyewe mpaka mashine ilie.

Siku hiyo akaja mama mzee kutoka kisiwa cha Mfangano, amejifunga leso shavuni. Meno sita ya chini, ya mbele, hakuwa nayo. Wazee wetu wengi, sisi Wajaluo, waling'olewa hayo kwa mila. Lakini alisema anaumwa palepale kwenye pengo. Na harufu! Umewahi kufungua gunia la omena, dagaa wetu wa ziwani, lililonyeshewa likasahauliwa wiki nzima? Hiyo ni afadhali.

"Nyathina," akaniita mwanawe, kwa upole, "mkono yangu inatetemeka. Nishikie wewe."

Nikamshikia, kidole kitupu. Niamini, ulimi wake ukakizunguka pole pole, ukaanza kukinyonya kama mtoto anyonyavyo. Mate yalikuwa mazito kama mboga ya mrenda, yenye chembechembe. Mashine ilipolia nilikipangusa kwenye suruali mara tatu, bado kikateleza.

Nikaingia chumba cha giza, nikafunga komeo, nikasafisha filamu chini ya taa nyekundu. Picha ikatokea. Pale penye pengo palijaa meno. Madogo, ya utoto, safu chini ya safu kama punje kwenye gunzi, yakishuka mpaka kidevuni.

Nikampelekea daktari. Aliitazama muda mrefu, kisha akamwuliza yule mama kama ana watoto.

"Walikuwa tisa," akajibu. "Hakuna hata moja alikua."

Daktari akanirudishia filamu bila kuniangalia. "Hii imeharibika. Tupige ingine."

Safari hii alimshikia yeye, kwa glovu. Nikarudi gizani na filamu zote mbili, nikafunga komeo. Ile ya kwanza nikaitundika ikauke. Nilikuwa nimeinama juu ya beseni la dawa ya kusafishia picha niliposikia mtu anatafuna. Ungefanya nini wewe? Nikageuka. Yule mama alikuwa amechuchumaa chini ya meza, mlango ukiwa bado na komeo, ile filamu iliyotundikwa imo kinywani mwake ikivunjika kah, kah. Maji meusi yalimtiririka kidevuni. Akainuka, akainamisha uso ndani ya beseni la dawa, akanywa kama ng'ombe. Alipoinua kichwa akatema mle. Kitu kidogo kikagonga chuma. Kikafuata kingine.

"Kidole yako iko tamu," akaniambia.

Sikumbuki nilivyofungua mlango. Ninachokumbuka ni kwamba mama alikuwa ameketi kwenye kiti nilipomwacha, anajipangusa midomo iliyokuwa myeusi. Daktari naye alikuwa amejibana ukutani. Mama akatuaga kwa heshima, akaondoka. Ndani ya beseni tulikuta meno mawili ya utoto. Daktari alimwaga vyote chooni, na Homa Bay hakukanyaga tena.

Wiki haikuisha kabla ya ukucha wa kidole kile kung'oka. Kidole kikabaki chepechepe mchana na usiku, kinanuka kinywa cha yule mama. Nilikiosha kwa majivu, kwa mafuta ya taa. Nzi walikifuata mpaka kanisani. Mke wangu akaanza kuninyima nafasi kwenye sahani moja ya ugali, na simlaumu. Mwishowe nikaenda kwa daktari mwingine huko Migori. Alikinusa mara moja tu, akaomba kisu. Akakikata palepale.

Tangu hapo siwezi kumtazama mtu akitafuna. Hula peke yangu, nimegeukia ukuta, na hata hivyo natapika.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza: mtu usiyemjua akikuomba umtie kidole kinywani, kataa. Hata akiwa na sauti ya mama yako, kataa, na kazini wakufukuze. Mimi niliona haya kumkatalia mzee.